Ukija Uingereza na Wales usiyapite makanisa ya vijijini

Watu wakija huku kutembea wanaenda moja kwa moja Westminster Abbey, lile kanisa maarufu la London, wanapanga foleni, wanalipa kiingilio, picha mbili tatu basi. Sio vibaya, ila mimi nasema utamu wenyewe uko kwenye makanisa ya parokia huko vijijini, mengi yake ni bure kabisa, unazungusha tu ile pete ya chuma mlangoni unaingia, na mara nyingi humkuti mtu ndani.

Waanglikana wenzangu, Canterbury, mji wa Askofu Mkuu, tunaitaja kila siku, na mgeni yeyote akifika anakimbilia kathedro. Tembea kidogo utoke pale uende St Martin's. Hilo ndo kanisa kongwe kuliko yote Uingereza ambalo bado watu wanasali, Malkia Bertha, mke wa mfalme Æthelberht wa Kent, alikuwa anasali hapo kabla hata Augustino, mmisionari aliyetumwa na Papa kutoka Roma, hajatia mguu mwaka 597, na ukutani matofali mekundu ya Warumi unayaona kwa macho yako. Kaskazini kule kuna Escomb, karibu na Durham, la karne ya 7, mawe yake yalitolewa kwenye ngome ya Warumi na jiwe moja limeandikwa LEG VI, yaani kikosi cha 6, fundi kalipachika juu chini na liko hivyo hivyo mpaka leo.

Lakini aisee, Wales ndo imenichukua moyo. Llancarfan, kijiji kidogo kusini, kanisa la Mtakatifu Cadoc. Zamani kuta za makanisa zilikuwa zimejaa picha sababu wakulima wengi hawakujua kusoma, halafu yakaja Matengenezo ya Kiprotestanti, na kuanzia 1547 chini ya mfalme Edward VI ikaamriwa picha zifutwe, zikapakwa chokaa, tena na tena, vizazi na vizazi mpaka watu wakasahau kama kuna kitu chini yake. Mwaka 2008 wakati wa ukarabati ukaonekana mstari mwembamba wa rangi nyekundu ukutani, wataalamu wakaanza kubandua chokaa taratibu, kidogo kidogo, akatokea Mtakatifu George juu ya farasi anapigana na joka, mfalme na malkia wanachungulia kutoka kwenye ngome yao, pembeni Kifo kamshika mkono kijana tajiri aliyevaa vizuri anamvuta aende naye. Zile dhambi saba pia zipo. Nilisimama pale muda mrefu, yaani mahubiri ya karne ya 15 bado yananigusa mimi mtu wa leo, na bila hiyo chokaa sidhani kama yangefika.

Halafu kuna kanisa la Patrishow, huko huko Wales, kwenye milima karibu na mji wa Crickhowell, barabara ni nyembamba hasa, mkikutana magari mawili mmoja arudi nyuma. Kule mbali ndo kumesaidia, kwa sababu ule ukuta wa mbao uliochongwa, unaotenganisha waumini na madhabahu, wa mwaka 1500 hivi, makanisa mengi walishaubomoa wao wanao, una joka linatafuna mzabibu na nakshi nyembamba mpaka unajiuliza mtu alishikaje patasi. Kuna na mchoro wa mtu wa mifupa kashika saa ya mchanga na koleo la kuchimbia, wenyeji wanasema ukiupaka chokaa unarudi tena.

Mengine hayana waumini tena. Kuna shirika linaitwa Friends of Friendless Churches, tangu 1957 linachukua makanisa kama hayo Uingereza na Wales, sasa linatunza zaidi ya 60, na Churches Conservation Trust lina zaidi ya 350.

Ukienda vaa sweta hata kama ni Julai, ndani kuna baridi. Ukikuta kumefungwa soma tangazo la mlangoni, mara nyingi limeandika ufunguo uko kwa nani. Na tafadhali weka chochote kwenye kisanduku, maana wezi wanabandua madini ya risasi yaliyoezekewa paa wakauze, na mvua ikishaingia zile picha za ukutani ndo za kwanza kuharibika.