Siku moja maishani mwangu: kushuka Kyela na kurudi mlimani kwa baiskeli

Saa 11 alfajiri

Nimechuchumaa kwenye stoo ya mama mwenye nyumba, tochi kichwani, kati ya mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi. Baiskeli 6 zimeegemea ukutani, 5 za wageni na 1 yangu. Ni Julai, na baridi ya Julai hapa Rungwe, mkoani Mbeya, huanzia kwenye vidole. Ukishika spana utadhani imelala mtoni.

Mimi ni fundi na pia ndiye ninayewaongoza wageni wanaokuja kuendesha baiskeli za barabarani milimani kwetu. Wanakaa wiki nzima kijijini, kati ya Kiwira na Tukuyu, na kila siku tunatoka upande tofauti na kurudi palepale. Leo tunashuka hadi Kyela.

Kabla ya chochote naangalia breki. Kutoka Tukuyu hadi Kyela unateremka zaidi ya mita 1,000, na sehemu kubwa ya njia huna cha kufanya ila kuzuia mwendo. Natoa magurudumu, namulika pedi moja baada ya nyingine. Pedi iliyobaki chini ya milimita 1 naitoa, hata mwenye baiskeli akiniapia kwamba bado inashika. Ya kaka mmoja kutoka Dar es Salaam imelika upande mmoja tu, ule wa ndani, usioonekana ukiwa umesimama. Dar ni tambarare, kwa hiyo breki zake hazijawahi kuulizwa swali kama la leo. Naweka mpya, nabana mkono wa breki mara kadhaa mpaka ushike sawasawa, kisha nasukuma baiskeli uani na kukamata breki ghafla. Inasimama. Naenda kwa inayofuata.

Saa 12

Dada anayetupikia amekwisha kuinjika chai ya maziwa. Kuna viazi vya kuchemsha, mayai na ndizi mbivu. Nawasisitiza wale viazi zaidi ya mayai, maana mlima unapandwa kwa wanga.

Wageni wa wiki hii ni 3 wa Dar na 2 wa Ujerumani, mume na mke wenye umri wa wazazi wangu. Juzi mmoja aliniuliza kwa nini hatulali Mbeya mjini kwenye hoteli. Nikamwambia aangalie asubuhi yake ilivyo. Vyumba ni vya nyumba 3 za hapa kijijini, maziwa ni ya ng'ombe wa jirani, nguo zenye jasho zinafuliwa na kijana wa nyumba ya pili, na hela yote hiyo inabaki hapahapa. Halafu kuna jambo la barabara yenyewe. Tukianzia Mbeya, saa nzima ya kwanza ingekwenda kwenye foleni ya Uyole na vumbi lake. Hapa ukitoka getini uko kwenye mashamba ya chai.

Saa 1 asubuhi

Jua huku linachelewa, ndiyo kwanza linachomoza. Ukungu umelalia mashamba ya chai na wachumaji wameshaingia na vikapu mgongoni. Wanachuma majani mawili na chipukizi, mikono inakwenda bila wao kutazama.

Kwenye kona ya kwanza amekaa bibi, jirani yetu, na kitenge begani. Nasimama, namwamkia kwa Kiswahili na Kinyakyusa.

"Shikamoo bibi. Mugonile."

"Marahaba mjukuu wangu. Ndaga. Leo mko wangapi?"

"Sita, bibi. Tunakwenda Kyela."

Anatuhesabu kwa kidole, taratibu, mmoja mmoja, na akimaliza anarudia. Ana sababu yake. Barabara hii inapita malori ya kwenda Malawi kupitia Kasumulu, na yeye ameishi kando yake tangu kabla ya lami. Hivyo nami naona ni sawa kusimama kila siku na kumwambia idadi.

Kabla hatujaachia, nawaambia wageni maneno yaleyale. Msikamate breki muda wote, zitachemka. Kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona. Macho yatazame mnakotaka kwenda, shimo mkilikodolea macho mtaliingia. Kila mmoja aache nafasi ya baiskeli 5 mbele yake. Mjomba atatufuata nyuma na Noah yake, imebeba maji, magurudumu ya akiba na sanduku langu la vifaa.

Saa 2 hadi saa 3 na nusu

Kipande hiki nakipenda kuliko vyote, na nimekipita mara nyingi. Kila ukiteremka mita 1,000 joto linaongezeka kama nyuzi 6, na kwa baiskeli unalisikia mwilini hatua kwa hatua. Tukuyu tumevaa makoti. Baada ya Ushirika nimefungua zipu. Chai inaisha, migomba inashika pande zote mbili, kisha miti ya kakao inaanza chini ya vivuli, na mwisho kabisa bonde linafunguka na mpunga. Ndani ya saa mbili umepita nchi tatu bila kuvuka mpaka.

Kwenye mteremko mmoja lori likatupita tukiwa kwenye kona, wakati upande wa pili linakuja jingine. Mama wa Kijerumani alisogea hadi ukingoni mwa lami, gurudumu likagusa kokoto, baiskeli ikayumba. Hakuanguka. Tulisimama wote, akanywa maji, mikono inamtetemeka. Dereva hakugeuka hata kutazama. Hili linaniuma kila mara, kwa sababu kilichohitajika ni sekunde 10 tu za kusubiri. Kuanzia pale nikamweka mama mbele, nyuma yangu tu, na Noah ikatusogelea karibu zaidi na taa zake zikimeta.

Kyela

Hatukai sana. Jua la chini linachoma, na tukichelewa kuanza kupanda tutapikwa. Wageni wengi hutamani kufika Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ila hiyo nimeiwekea siku yake. Mjomba anakwenda sokoni kununua mchele na samaki aina ya mbasa kwa chakula cha usiku, anawaweka kwenye barafu. Sisi tunajaza chupa, tunatia chumvi kidogo na sukari kwenye maji, tunageuka.

Saa 4 na robo hadi saa 8 na nusu

Sasa ndiyo kazi. Gia ndogo niliyowafungia ina meno 34 mbele na 34 nyuma. Maana yake pedeli ikizunguka mara 1, gurudumu nalo linazunguka mara 1, unasogea mita 2 na kidogo. Ni mwendo wa mtu anayetembea haraka. Vijana wa Dar waliidharau gia hii siku ya kwanza. Leo wameing'ang'ania tangu mwanzo, na nimefurahi, maana anayepanda kwa gia nzito hufika nusu ya mlima na magoti yameisha.

Mama wa Kijerumani anapanda kwa mdundo mmoja usiobadilika. Hasimami kwenye pedeli, hazungumzi. Vijana wanamkimbia, kisha anawakuta kivulini wamekaa, anawapita.

Saa 6 hivi, kaka wa Dar anapaza sauti: pancha. Gurudumu la nyuma. Anataka tuweke tyubu mpya haraka twende, na hapa huwa sikubali. Natoa tairi, napitisha kitambaa laini cha pamba ndani yake, polepole, mzunguko mzima. Mara ya kwanza hakuna kitu. Ya pili kitambaa kinanasa. Kwa koleo ndogo navuta kipande cha waya, chembamba kama unywele wa farasi, kirefu kama punje ya mchele. Ndani ya matairi ya malori kuna nyaya za chuma. Tairi likipasuka barabarani, nyaya zinabaki zimetawanyika kwenye lami na jicho haliwezi kuziona. Mwaka jana niliharakisha, nikabadilisha tyubu bila kuutafuta waya, mgeni akapata pancha 3 ndani ya saa moja. Namwekea kaka kile kipande kiganjani. Anakitazama sana, kisha anakifunga kwenye karatasi ya biskuti akaonyeshe wenzake Dar.

Joto linapungua tena. Migomba inarudi. Upande mmoja unaonekana mlima Kyejo, ambao ulitema lava mara ya mwisho miaka 200 na ushee iliyopita. Udongo wa volkano na mvua ya huku ndivyo vinavyofanya hata mti wa uzio uchipue.

Kijana mmoja misuli ya paja ilikaza kabla ya Tukuyu. Aliona aibu kuingia kwenye Noah. Nilimwambia kweli tupu: nimepanda humo mwenyewe, na mguu uliokaza haupandi mlima kwa aibu. Akaingia, akalala hadi nyumbani.

Saa 10 jioni

Tumeshafika. Maji ya moto kwenye ndoo, parachichi na chumvi mezani. Mimi naosha minyororo kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, naikausha, naweka oili tone moja kwa kila pini, nafuta inayobaki nje. Oili ya nje haina kazi ila kukusanya vumbi.

Saa 1 usiku

Wali wa Kyela unanukia hadi uani. Mbasa amekaangwa, kuna mboga ya maboga na maharage. Mama wa Kijerumani anamsaidia dada kupakua, wanaelewana kwa mikono. Kesho tunakwenda juu, Isyonje, kwenye njia ya kwenda hifadhi ya Kitulo, kwa hiyo nawaambia makoti yasifungiwe kwenye mabegi.

Saa 2 usiku

Nachukua tochi na sahani iliyofunikwa, nashuka hadi kwa bibi. Yuko jikoni, moto umebaki makaa.

"Tumerudi, bibi."

"Nilihesabu watano mkipita."

"Mmoja alikuwa kwenye gari, mguu ulimkaza. Amekula, amelala."

Anapokea sahani, anafunua, ananusa samaki. Kisha anaingia ndani na kutoka na chupa yenye mafuta ya kuchulia.

"Mpake kabla hajaamka. Na chupa nirudishiwe."