Kumbukumbu ya mradi wangu: kumsoma Kamala Khan katika daka la Lamu

Jumamosi ya kwanza

Leo nimeanza kazi niliyokuwa nikiipanga tangu Ramadhani, nayo ni kuwasomea vijana wa mtaa wetu wa Langoni mfululizo wa vitabu vya katuni uitwao Ms. Marvel, kwa Kiswahili, wakiwa wameketi katika daka la nyumba yetu, yaani kibaraza cha mlangoni, baada ya sala ya alasiri. Vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, kwa hiyo kila usiku huandika tafsiri ya kurasa chache kwa penseli katika vipande vya karatasi, kisha nikavipachika baina ya kurasa bila gundi, ili atakayetaka kusoma maneno ya asili asizuiwe na maneno yangu.

Nimeuchagua mfululizo huu kwa sababu shujaa wake, Kamala Khan, ni msichana wa miaka 16, Muislamu, mwenye wazazi waliotoka Pakistani, anayeishi Jersey City, mji unaotazamana na New York kwa ng'ambo ya mto Hudson. Alianza kuonekana mwaka 2013 katika vitabu vya shujaa mwingine, na Februari 2014 akapata kitabu chake mwenyewe, kilichoandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona, huku Sana Amanat, ambaye ni Mmarekani mwenye asili ya Pakistani aliyekulia New Jersey, akiwa mhariri. Juzuu ya kwanza, yenye matoleo matano, ilipata tuzo ya Hugo ya hadithi za picha mwaka 2015. Ningeipendekeza hata kama isingepata tuzo yoyote.

Jumamosi ya pili

Sikutarajia kwamba tatizo la kwanza lingekuwa upande wa kuanzia. Mvulana mmoja, ambaye asubuhi alikuwa chuoni akisoma msahafu, unaosomwa kutoka kulia, alifungua ukurasa na kuanza na picha ya kulia kabisa, na hadithi ikawa inarudi nyuma: Kamala ameanguka kabla ya kuteleza. Nimeandika namba ndogo kwa penseli katika kona ya kila picha ya kurasa kumi za mwanzo, na baada ya hapo hakuna aliyezihitaji.

Tatizo la pili ni neno moja. Kamala anapotaka kujikuza mwili au mkono, hutamka neno ambalo katika Kiingereza chenyewe ni la kubuni, lenye maana ya kufanya kitu kiwe kikubwa. Niliandika kwanza "Vimba!", lakini wasichana walikataa mara moja, kwa kuwa anayevimba ni mwenye jipu au mwenye hasira. "Tanuka!" lilikuwa sahihi ila halikuwa na uhai. Tumekubaliana na "Kua!", neno tunalolitumia kwa mtoto na kwa mche, na kwa msichana wa umri ule naliona linasema mengi kuliko lile la asili.

Jumamosi ya nne

Nimekawia katika toleo la pili kwa makusudi. Kamala ametoka nyumbani usiku bila ruhusa, ukungu wa ajabu umemfunika, na ameamka akiwa na uwezo wa kubadili umbo. Jambo la kwanza linalomtokea ni kugeuka Carol Danvers, shujaa mwenye nywele za dhahabu ambaye amemhusudu miaka yote, kisha anagundua kwamba nywele zinamfunika uso na viatu vinambana. Ukurasa huo peke yake unatosha kumpa kijana kitabu hiki. Baadaye, anapomwona mwanafunzi mwenzake akizama mtoni, anaikumbuka aya ya 32 ya Surat Al-Maida, kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama amewaokoa watu wote. Kabla sijamaliza kuisoma tafsiri yangu, msichana aliyeketi karibu na mlango alikwisha kuisoma aya yenyewe kwa Kiarabu, kwa sauti ya chini, bila kutazama kitabu.

Katika toleo la tano baba yake anamweleza kwamba jina Kamala lina maana ya ukamilifu. Hapo sikuhitaji kueleza chochote, kwa sababu walilisikia neno letu "kamili" ndani ya jina.

Jumamosi ya sita

Tumeingia juzuu ya pili. Adui mkuu, mtu mwenye kichwa cha kasuku, hanivutii, na naona hadithi inapungua nguvu kila anapotokea, ingawa wavulana wanampenda sana. Lakini katika toleo la sita Sheikh Abdullah wa msikiti wao, ambaye Kamala anamjia akitarajia kukaripiwa, anamwambia kwamba akishikilia jambo hilo asilotaka kulieleza, basi alifanye kwa ushujaa, ukweli, huruma na kujiheshimu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya mfululizo mzima. Wazazi wanaohofia vitabu hivi ningewaomba waanze na kurasa hizo.

Kuhusu utunzaji: vitabu sasa vinakaa katika zidaka za juu, yaani vishubaka vya ukutani, juu ya kipande cha mkeka, kwani toleo moja nililoliegemeza ukutani lilishika unyevu wa chumvi na pini zake zikapata kutu.

Jumamosi ya saba

Msichana yule wa mlangoni aliazima juzuu ya kwanza wiki iliyopita, na leo aliyeirudisha ni mama yake. Nilipoifungua nikakuta kipande kimoja cha karatasi kimekatwa mstari. Pale mama yake Kamala anapomgombeza kwa kuchelewa, mimi nilikuwa nimeandika "Ulikuwa wapi mpaka saa hizi?" Chini yake, kwa kalamu ya wino na mwandiko wa haraka, pameandikwa: "Watoka wapi usiku wote huu, nami roho i mkononi?"

Nimeufuta mstari wangu na kuuacha wake. Kabla ya kuondoka aliuliza ya pili iko wapi.