Usiku wa Winterfell, alfajiri ya Sinza

Mwaka 2019, kuifuata tamthilia ya Game of Thrones ukiwa Dar es Salaam kulitaka uukate usingizi. Kituo cha HBO waliirusha Marekani Jumapili saa tatu usiku, na kwetu hiyo ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Vita vya Winterfell, ngome inayovamiwa na jeshi la wafu, sehemu ya tatu ya msimu wa nane, viliingia kuamkia tarehe 29 Aprili: dakika 82, karibu zote za giza. Tulitazama Sinza, sebuleni kwa jirani, tuliosoma vitabu ilikotoka tukichanganyika na wasiosoma.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Melisandre, mchawi wa moto, anawasha panga za Dothraki, wapiganaji wa farasi, moto unatimua mbio gizani, kisha unazimika mmojammoja bila kuonekana kinachowaua. Hapo giza lilikuwa na kazi. Baadaye tukabaki kuulizana.

"Huyo ni Brienne au Jaime?"

"Kaka, mimi naona masizi tu."

TV nayo ilichangia. Ilikuwa kwenye rangi kali, zile za kuvutia mteja dukani. Tukaiweka kwenye hali ya sinema, tukazima ile hali ya kuokoa umeme, maana hufifisha kioo, tukapandisha mwanga wa nyuma ya kioo hadi mwisho. Braitinesi hatukuigusa: ukiizidisha, weusi unageuka kijivu na picha nzima inapauka. Taa za sebuleni na jikoni zikazimwa.

Picha ikafunguka kidogo, ila vimraba vikabaki kwenye moshi na theluji. Hivyo havitibiki kwa rimoti. Picha hubanwa ili ipite hewani au kwenye bando, na katika kubanwa huko tofauti ndogo za vivuli hutupwa mapema. Usiku ule ulijengwa kwa tofauti hizohizo. Mpigapicha wake, Fabian Wagner, alijitetea baadaye kwamba watu wengi hawajui kuseti TV zao. Kweli, lakini nusu.

Nusu nyingine ni usimulizi. Katika A Clash of Kings, kitabu cha pili, mwandishi George R. R. Martin anavipitisha vita vya Blackwater kwenye macho ya watu watatu kwa zamu: Davos mtoni, Tyrion kwenye mapambano, Sansa ndani na akina mama. Moshi umetanda, lakini hupotei, kwa sababu unajua uko kichwani mwa nani. Hata kwenye TV, sehemu hiyo ya msimu wa pili aliiandika Martin mwenyewe, na inaeleweka. Winterfell kamera inarukaruka. Ukimpoteza mtu gizani, ndiyo basi.

Na vitabu havikutupa ujanja wowote. Cha tano kilitoka 2011, cha sita bado, kwa hiyo wote tulikuwa tunabahatisha. Swali la maana lilitoka kwa mama mwenye nyumba, ambaye hajafungua hata ukurasa mmoja:

"Adui anafufua maiti, halafu nyie wanawake na watoto mnawaficha makaburini?"

Hakuna aliyemjibu. Na ile mitambo ya kurusha mawe kupangwa nje ya ukuta, wala hatukuigusia.

Arya alipomchoma Night King, mfalme wa wafu, kwa kisu kilekile kilichotumwa kumuua mdogo wake Bran msimu wa kwanza, kelele zilimfanya mlinzi agonge geti. Kisha kambi zikagawanyika. Wengine walisema ni haki yake, amefundishwa kuua tangu mjini Braavos. Sisi wengine tulimtaka Jon, shujaa aliyewahi kuuawa: kama si kwa kazi hii, alifufuliwa wa nini? Ubishi tulitoka nao hadi kituoni, daladala ya kwanza ikatukuta bado tunapayuka.