Wimbo wa dakika 14, jibu la dakika mbili

Nilimtumia rafiki yangu rumba ya Kikongo yenye dakika 14 na ushee. Hazijaisha dakika mbili, jibu likaingia: "Moto!" Nikacheka, halafu nikanuna. Ndani ya dakika mbili za mwanzo za kibao kile, mwimbaji hajamaliza hata kutaja shida yake. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, ambayo ndiyo iliyonifanya niutume, huingia wimbo ukiwa umeshavuka nusu. Sasa huyu kasifia nini?

Nilitaka kumlaumu, ila nilipopandisha mazungumzo yetu ya nyuma nikajikuta mwenyewe. Kuna usiku nilimtumia nyimbo 11 mfululizo bila neno hata moja. Za kwake, nne sikuwahi kuzifungua, na moja niliijibu kwa kidole gumba. Na si sisi wawili tu: kundi letu lilikuwa la watu sita tunaopenda muziki kwelikweli, tunatupiana vibao kama wacheza karata, kila mmoja ameinamia zilizo mkononi mwake.

Nikaamua kuanza na mimi. Wimbo mmoja kwa wiki, basi. Hilo lilikuwa jepesi. La pili lilinijia kwa aibu kidogo: nilituma wimbo kwa sababu ya besi yake tu, nikaandika, "Sikiliza hiyo besi!" Rafiki yangu yuleyule akajibu, "Besi ipi, kaka? Mimi nasikia magitaa na upatu."

Nikajisemea moyoni, huyu hana masikio. Tulipoonana nikamwomba auweke. Akaufungua, akailaza simu kifudifudi kitandani, spika yake ndogo ikahangaika peke yake. Ajabu ni kwamba mimi besi nilikuwa naisikia. Ikanichukua muda kung'amua kwamba naikumbuka, siisikii. Waya mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde, na kispika kisichozidi ukucha hakiwezi kusukuma hewa ya kazi hiyo. Kinachobaki ni vipande vya juu, na anayeujua wimbo hujazia mwenyewe kichwani. Yeye alikuwa mgeni wa wimbo ule, angejazia na nini? Nikachomeka spika zangu za masikioni nikampa. Aliganda, macho yakatazama ukutani. Kisha, bila kusema kitu, akaurudisha mwanzo.

Tangu siku hiyo nikituma wimbo naandika mambo mawili: usikilize kwa chombo gani, na utege sikio wapi. "Vaa za masikioni, ngoja dakika ya nane." Pia niliacha kutuma video za maonyesho zilizokwisha pita kwenye simu kumi. Programu za ujumbe mara nyingi huibana video inapotumwa, hadi upatu unasikika kama mchanga unaomwagwa. Natuma linki ya toleo rasmi, na angalau mwenye kazi yake anahesabiwa.

Kisha nikazidisha. Maelekezo yakawa aya, aya zikawa mhadhara: nani alipiga nini, studio ipi, kwa nini ngoma imechelewa pale. Mwenzetu mmoja, mwanamke asiyependa kuzungushwa, akaniambia, "Umeshanisimulia filamu nzima, sasa mimi nikaangalie nini?" Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikatupa mihadhara, nikabaki na swali moja tu, na mara nyingi nikawa natuma jozi badala ya wimbo mmoja.

Jozi iliyochemsha watu kuliko zote ni Sam Cooke, mwimbaji wa soul wa Marekani, dhidi ya Sam Cooke. Kwanza rekodi yake moja ya studio, sauti laini, kila neno limepigwa pasi. Kisha onyesho alilolifanya Januari 1963 katika ukumbi wa Harlem Square Club, Miami, ambalo lilikaa kabatini hadi 1985 ndipo likatolewa. Humo anakwaruza, anafoka, anawachokoza watu nao wanamrudishia. Swali langu lilikuwa fupi: "Huyu ni mtu mmoja?" Majibu yalikuja siku tatu. Mmoja akasema ule ukali ni wa kuigiza, jukwaa linautaka. Mwingine akasema kinyume chake, kwamba ulaini ndio vazi alilovaa ili auzike. Mimi niko na huyu wa pili, ingawa nikiwa peke yangu usiku ninayemfungulia ni yule mlaini. Sijali kuonekana kigeugeu.

Jozi ya Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, ilinifundisha kitu kingine. Alirekodi kazi ileile ya mtunzi Bach, Goldberg Variations, mara mbili: ya 1955 inachukua kama dakika 38, ya 1981 kama dakika 51. Kumwambia mtu asikilize zote ni kumkosea adabu, kwa hiyo niliomba kipande cha kufungulia tu, ambacho kijana alikipiga chini ya dakika mbili na mtu mzima akakivuta hadi zaidi kidogo ya tatu. Nikauliza nani kati yao ana haraka na nani ana huzuni. Hakuna aliyejibu swali langu. Aliyejibu kwanza aliuliza yeye: "Kuna mtu anaguna huko nyuma, au ni simu yangu?"

Ni Gould mwenyewe. Alikuwa haachi kuimba chinichini akipiga piano, na kinasa sauti kikamkamata. Nilikuwa najua siku zote na kwa bahati sikulitaja, na furaha ya yule aliyeligundua ilidumu wiki nzima. Akawa anawasikilizisha watu wa kwao. Sasa kila nikituma wimbo, kile kizuri kuliko vyote nakificha. Natumia swali kuwapeleka karibu napo, halafu nanyamaza.

Si kila kitu kilifaulu. Tulikubaliana kukutana mara moja kwa mwezi tusikilize pamoja, simu zikiwa zimewekwa mbali, na jioni ya kwanza nikaleta Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Wimbo wake mmoja jukwaani uliweza kupita saa nzima, kwa sababu wasikilizaji walimrudisha kwenye ubeti uleule naye kila mara akaugeuza. Dakika ya 20 mmoja alikuwa anakoroma, wawili wako nje wanaongea. Kosa langu. Wale wa zamani waliomfuata redioni Alhamisi ya kwanza ya mwezi walikuwa wameuweka usiku mzima kwa ajili yake. Sisi tulikuja kila mtu na nyimbo zake tatu mfukoni. Mwezi uliofuata nilileta ubeti mmoja tu na marudio yake, nikawaambia wahesabu ni mara ngapi neno la mwisho analitoa kwa namna mpya. Wakabishana hesabu. Tukaurudia mara nne, na nyimbo zilizobaki hazikupata zamu.

Yule wa "Moto!" alinunua spika nzuri za masikioni, hakuniambia. Nilijua kwa ujumbe wake wa usiku mmoja, miezi mingi baadaye, kuhusu ile rumba ya dakika 14: "Dakika ya tisa, sekunde ya 40 hivi. Mpiga besi kakosea, au kafanya makusudi?"

Wimbo ule niko nao zaidi ya miaka 20. Nikaenda dakika ya tisa. Kweli, besi inateleza, inaruka pigo moja, kisha inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea, na gitaa la solo linacheka juu yake. Nimeusikiliza mara kumi na kitu sasa. Bado sijamjibu.