Mjomba, busha na operesheni ya bure

Mjomba wangu kakaa na busha miaka 11. Mi naondoka kwenda Dar anavaa suruali, narudi nakuta ni msuli tu, shamba msuli, msikitini msuli, mpaka harusi ya dada yangu kaja na msuli na koti juu. Ukimuuliza anasema joto. Joto la Lindi tunalijua bana ila sio la hivo.

Huku kwetu tumekua tunaambiwa busha linaletwa na madafu, mtoto wa kiume usizoee madafu. Kumbe mbu tu, anamng'ata mwenye vijidudu vya minyoo af anakuja kwako, na minyoo yenyewe inakaa miaka na miaka kwenye mirija ya maji ya mwili, wengine wanapata busha wengine matende. Ndo maana wanapita kugawa zile dawa za kumeza mara moja kwa mwaka. Mjomba alikuwa anazipokea vizuri na asante anatoa, anazitia mfukoni, eti zinamaliza nguvu za kiume.

Sasa gari la matangazo likapita Mnazi Mmoja ya huku kwetu Lindi, operesheni za mabusha bure, Lindi mjini. Nikajua imeisha hiyo. Mjomba ananijibu, "Mjomba, mwezi wa sita huu, mikorosho nani ataipulizia?"

Nilikasirika, nikamuona hajielewi kabisa. Usiku nikapiga hesabu mwenyewe. Kupasuliwa bure, ganzi bure, kitanda bure, haya, nauli ya yeye na wa kumuuguza je, na huyo muuguzaji atakula nini, af akirudi wiki kadhaa haruhusiwi kubeba kitu kizito na pampu ya salfa, ile dawa ya mikorosho, inabebwa mgongoni, na usipopiga salfa ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua yote, mnada ukifika wenzio wanapeleka magunia we unapeleka macho. Hata ile bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa elfu 30 kaya ya watu 6 mwaka mzima, hakuwahi kukata, maana hela ya korosho ikiingia inakuta madeni yameshapanga foleni. Ningekuwa mi ndo napanga ratiba za hizi kambi kwa kweli ningezileta watu wakishalipwa korosho, sio katikati ya salfa.

Basi tukagawana, mtoto wa mama mdogo akapulize, mi nauli na chakula. Mjomba akakubali kwa sharti moja, tuondoke kabla ya adhana ya alfajiri asituone mtu.

Tumefika kule, kwenye benchi wamekaa watu watatu wa kijiji chetu, mmoja ndo yule anayeswali naye bega kwa bega kila Ijumaa. Wote misuli. Wakaangaliana weee, mmoja akasema "Na wewe joto?" Walicheka mpaka nesi akatoka kuwanyamazisha.

Operesheni yenyewe haikuchukua hata saa moja. Siku tatu nne tukarudi, na kurudi tulirudi mchana kweupe wote wanne kwenye Haisi moja wanapiga stori.

Juzi kanipigia nimnunulie suruali, kiuno 34. Ila yule dogo wa salfa aliruka mistari miwili ya mikorosho na mjomba mpaka leo salamu yake anaipokea kwa shida.