Askari aliyechukia kuambiwa hajui kusoma

Kuna askari mmoja wa zamani sana hanitoki akilini. Anaitwa Hoshayahu, alikuwa kwenye kituo kidogo huko Yuda, ufalme wa kale wa Wayahudi, miaka kama 2,600 iliyopita, na mkubwa wake aitwaye Yaush alikuwa amemwandikia maneno ya kumdhalilisha, yaani kama vile barua haelewi mpaka atafute mtu wa kumsomea. Jamaa akawaka! Akajibu kwa wino kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, maana vigae ndo vilikuwa karatasi yao ya kila siku, akaapa kwa jina la Mungu wake kwamba hakuna mtu aliyewahi kujaribu kumsomea barua hata siku moja. Kigae hicho kilifukuliwa mwaka 1935 kwenye magofu ya mji wa Lakishi pamoja na vingine kadhaa, na maneno yake bado yanasomeka.

Mimi historia ya Wayahudi ilianza kuniingia hapo. Daudi na Sulemani nani asiyewajua, wamo kwenye Biblia na wamo kwenye Qurani, lakini nilikuwa nawaona kama watu wa kwenye hadithi tu, wafalme na manabii, wako mbali huko juu. Huyu askari kakasirika kwa kitu ambacho hata mimi ningekasirika.

Kuna kigae kingine hapohapo Lakishi, huyo mwandishi anasema tunaangalia ishara za moto za Lakishi, maana Azeka hatuioni. Sasa fungua Yeremia 34:7 uone, inasema Nebukadneza mfalme wa Babeli alipokuwa anaipiga Yerusalemu, miji yenye ngome iliyokuwa imebaki Yuda ni Lakishi na Azeka. Wataalamu wanabishana, wengine wanasema Azeka ilikuwa imeshaanguka ndo maana moto wake haukuonekana, wengine wanasema hapana, ni milima tu iliziba. Vyovyote vile mtu alikuwa amesimama gizani anatafuta mwanga na hauoni, na haukupita muda Yerusalemu ikachomwa moto, hekalu nalo likaenda, mwaka 586 KK (wengine wanasema 587).

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Jina Israeli nje ya Biblia linaonekana mara ya kwanza kwenye jiwe la Farao Merneptah, karibu mwaka 1208 KK, lilipatikana Misri 1896, na Farao anajisifu humo kwamba Israeli imeangamizwa na mbegu yake haipo tena. Baadaye tunakuta falme mbili, Israeli kaskazini na Yuda kusini, na ule wa kaskazini Waashuru waliumaliza mwaka 722 KK wakawahamisha watu wengi. Kuhusu Daudi mwenyewe kuna jiwe la Tel Dan lililopatikana 1993, limeandikwa Kiaramu na mfalme adui, na linataja "nyumba ya Daudi". Kwangu mimi ushahidi wa adui una uzito wake, maana yeye hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko vyote ni handaki la Hezekia, mfalme wa Yuda. Mfalme Senakeribu wa Ashuru alikuwa anakuja, na kweli alikuja mwaka 701 KK, kwenye kumbukumbu zake anajigamba kwamba aliteka miji 46 ya Yuda na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege kwenye tundu. Tatizo la Yerusalemu lilikuwa maji, chemchemi ya Gihoni ilikuwa chini bondeni na adui angeweza kuikalia. Kwa hiyo wakatoboa mwamba, mita 533, ili maji yapite chini kwa chini mpaka bwawa la Siloamu. Wakaanza pande mbili kwa mpigo, kundi moja huku kundi lingine kule, wakiwa na sululu na taa za mafuta, na handaki lenyewe halijanyooka, limepinda kama nyoka, ila walikutana! Na kuanzia mwanzo mpaka mwisho mteremko wake ni kama sentimita 30 tu. Hebu fikiria, mita zaidi ya 500 na maji yanatembea yenyewe.

Mwaka 1880 vijana waliokuwa ndani ya maji yale waliona maandishi ukutani. Yanasimulia jinsi zilivyobaki dhiraa tatu wakaanza kusikia sauti ya mtu akimwita mwenzake kutoka upande wa pili wa mwamba, na siku ya kutoboka wakagonga sululu kwa sululu, maji yakaenda. Jiwe hilo sasa liko Istanbul kwa sababu wakati ule Yerusalemu ilikuwa chini ya Waturuki. Na kilichonigusa ni kwamba kwenye mistari ile hakuna jina la mfalme hata mara moja, wanaotajwa ni wachimbaji tu na wenzao. Jengo la mfalme gani duniani lina maandishi ya namna hiyo?

Baadaye Wababeli nao waliwahamisha watu wengi wa Yuda, na huko uhamishoni Babeli pia kuna vitu vidogo kama hivyo. Yehoyakini, mfalme aliyechukuliwa mateka mwaka 597 KK, yumo kwenye vibao vya udongo vya stoo ya Babeli, anaandikiwa mgao wake wa mafuta, yeye na wanawe watano. Mfalme wa ukoo wa Daudi anapimiwa mafuta na karani wa ugenini. Ila hakupotea, na watu wake hawakupotea. Koreshi wa Uajemi alipoiteka Babeli 539 KK wakaruhusiwa kurudi, hekalu la pili likakamilika 515 KK, japo si wote waliorudi, wengi walikuwa wameshajenga maisha kulekule. Wengine walikuwa Misri, kisiwa cha Elephantine karibu na Aswan, askari wa Kiyahudi na familia zao, walikuwa na hekalu lao hapo. Lilipobomolewa mwaka 410 KK walifunga, wakavaa magunia, halafu wakamwandikia gavana wa Yuda kumuomba msaada. Mamia ya kilomita si kitu, bado macho yao yalikuwa Yerusalemu.

Wagiriki nawapita, Wamakabayo, Wayahudi walioasi dhidi yao, wanastahili posti yao peke yao. Warumi waliingia 63 KK, wakachoma hekalu la pili 70 BK, kisha ukaja uasi wa Wayahudi ulioongozwa na Bar Kokhba, 132 mpaka 135, na baada ya hapo mfalme Hadrian wa Roma aliwapiga marufuku Wayahudi kukanyaga Yerusalemu, mji ukawa unaitwa Aelia Capitolina na jimbo la Yudea likaanza kuitwa Siria Palaestina. Hata hivyo Galilaya walibaki, na hukohuko karibu mwaka 200 ikakusanywa Mishna, yaani mkusanyiko wa mafundisho ya sheria za Kiyahudi.

Katikati ya vita hivyo kuna mwanamke anaitwa Babatha. Alifiwa na waume wawili, alikuwa na mashamba ya mitende kusini mwa Bahari ya Chumvi, na alishtaki walezi wa mwanae Yeshua kwa sababu pesa walizotoa za matunzo zilikuwa kidogo mno. Tunayajua haya yote kwa kuwa alikimbilia pangoni na mfuko wa makaratasi yake, hati 35, za ndoa, za shamba, za kesi, zimefungwa vizuri, kama mtu anayejua kwamba vita vikiisha atazihitaji. Mwanaakiolojia Yigael Yadin na timu yake waliukuta mfuko huo mwaka 1961. Hati ya mwisho ni ya mwaka 132, baada ya hapo hasikiki tena.

Pangoni humo walikuta pia mifupa ya watu, viatu, kioo cha kujitazamia. Na funguo za nyumba, maana watu wale walifunga milango kabla ya kukimbia.