Njia za mashambani, Lushoto hadi Mtae

Kosa linalofanywa sana na wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto kwenda Mtae ni kudhani kwamba njia ni kitu kimoja na shamba ni kingine. Huku kwenye milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, sivyo. Njia hiyo hiyo inapita juu ya ukingo wa tuta, mara kando ya mfereji, mara katikati ya ua wa mtu.

Tuanze na tuta, maana ndilo linaloharibiwa zaidi. Mkulima anachimba mtaro unaokata mteremko, udongo anautupa upande wa juu (ndiyo maana yanaitwa matuta ya fanya juu), kisha anapanda matete yashike udongo na ng'ombe apate majani. Tuta likilowa, ukingo wake unameguka kwa kisigino kimoja tu. Mvua inayofuata inapita kwenye pengo hilo, inachimba korongo, na inashuka na samadi yote aliyoibeba mama wa watu kichwani. Kwa hiyo njia ikipinda, pinda nayo. Njia ya mkato inayoshuka wima kati ya kona mbili mara nyingi ni mwanzo wa korongo, na wewe mwenyewe utateleza, kwani udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa unakuwa kama sabuni.

Mabondeni kuna karoti, kabichi, nyanya na hoho, na maji huja kwa mifereji. Vuka mfereji kwa hatua moja bila kukanyaga ukuta wake. Ukikuta umezibwa kwa udongo na majani ya mgomba, usizibue: ni zamu ya mtu kumwagilia. Ukiona mtu ana bomba la dawa mgongoni, subiri amalize mstari au pita upande upepo unakotoka. Maji ya kijito kilicho chini ya bustani usinywe hata yakiwa maangavu. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini dawa ya nyanya inabaki. Beba lita 2 kila mtu, ujaze tena kwenye maduka ya vijijini.

Kuuliza njia kuna ufundi wake. Ukisema, "Hii ndiyo njia ya Rangwi?" (kijiji kilicho njiani) utajibiwa ndiyo, kwa sababu karibu kila njia itakufikisha Rangwi mwishowe, na kumkatalia mgeni si adabu. Uliza, "Njia ya Rangwi ni ipi?" halafu nyamaza, umwache akuoneshe kwa mkono. Umbali nao usiuulize kwa kilomita. Uliza mtu aliyebeba mzigo akitoka hapa sasa hivi atafika saa ngapi. Ukifika njia panda na hakuna mtu, angalia chini: njia yenye kwato nyingi huenda majini au malishoni, ile pana iliyokanyagwa ikawa ngumu huenda shuleni, sokoni au barabarani.

Wazee waamkie shikamoo. Mchana, "Onga mshi" ya Kisambaa inafungua nyuso za watu kuliko chochote utakachobeba kwenye begi. Jibu lake ni "Niwedi". Njia ikiingia uani piga hodi, hata kama hukusudii kusimama. Mwenye mzigo kichwani ndiye mwenye njia: tafuta mahali papana mapema, simama upande wa mlima, apite. Matunda yaliyo mtini usichume. Plamu na pichi hizo ni ada ya shule ya mtoto, na barabarani utauziwa.

Kwa hesabu ya muda, weka kilomita 3 kwa saa, na kwa kila mita 300 za kupanda ongeza nusu saa. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko mbele milima inapita 2,000, kwa hiyo nyongeza hiyo si ndogo. Wengi huigawa safari siku tatu hadi tano, wakilala Lukozi na Rangwi. Ukipitia msitu wa Magamba, lipia kibali kabla ya kuingia. Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri: njia ni kavu, ila baridi ya usiku ni kali, sweta ni lazima. Masika, Machi hadi Mei, mimi nasema kaa nyumbani. Huo ndio wakati matuta hayahitaji miguu ya mgeni. Anza saa 1 asubuhi na uwe umefika kijiji cha kulala saa 10 jioni, kwani jua likishazama giza halichelewi, na ukingo wa tuta hauonekani kwa tochi ya simu.

Mtae imekaa kwenye ncha ya mlima, na chini yake ni tambarare ya Mkomazi. Ukungu ukiwa umetanda usisogee ukingoni kutafuta mandhari, subiri ukungu uondoke. Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka alfajiri mapema sana, kwa hiyo ulizia siti jioni ile ile unapofika.